YAH: MABOMBA YA ALUMINI AINA YA 6061 MLIYONIUZIA KAMA T6

Kwa Meneja Mauzo,

Habari ya kazi. Naandika kwa heshima ila heshima yenyewe imebaki kidogo. Mabomba ya kutengenezea ngazi mliyoniuzia risiti inasema T6, yaani alumini iliyokomazwa kwenye oveni ikawa ngumu, nimelipa bei ya T6, mlichonipa ni T4, ile laini isiyopita oveni ya kukomaza. Sera yenu ya kurudisha mzigo mnaijua wenyewe, siwezi kuwasomea.

Nimekuja dukani na bomba limepinda, kijana wenu wa kaunta hata hakulishika, akanambia mbele ya wateja, "Mama, alumini ni alumini, kayaanike juani yatakomaa." Watu wakacheka. Jua gani la Dar linafika nyuzi 160?? T6 inachomwa mpaka kama nyuzi 530, inatumbukizwa kwenye maji, halafu inarudi kwenye oveni nyuzi 160 na kitu kwa masaa 8 mpaka 18, ndo magnesiamu na silikoni zinajikusanya vipunje vidogo vidogo vinavyozuia alumini isiteleze ndani kwa ndani. Ikikaa tu nje inakomaa mpaka T4 inaishia hapo. Na ukizidisha moto au masaa vipunje vinakuwa vikubwa nguvu inashuka, kwa hiyo ule ushauri wa mwenzenu kwenye simu eti niyapitishie tochi ya gesi kaeni nao.

Na hapo ngazi ya kwanza ilikuwa imeshajikunja fundi wangu akiwa juu yake, bahati alikuwa kipandio cha pili. Ndo tukapima ugumu, ikasoma 60 na kitu kwa kipimo cha Brineli wakati T6 inatakiwa kama 95. T4 inaanza kupinda moja kwa moja ikibanwa kwa megapaskali (kipimo cha mkandamizo) 110 hivi, T6 ni 240. Angekuwa yuko usawa wa dari je?

Narudia labda hamjanielewa: nimesimama na bomba limepinda, risiti mkononi, mtu mzima, na kijana ananiambia nikaanike mabomba kama dagaa, macho yake yakiwa kwenye simu, halafu anaita mteja wa nyuma yangu!

Mwanzo nilitaka mnibadilishie mzigo tu. Sasa nataka hela yangu yote, na ya usafiri, na ya ngazi zote tulizokwisha kata na kupiga ribiti, na cheti cha kiwandani cha mzigo huo mnachonizungusha nacho. Na huyo kijana aniombe radhi, hapo hapo kaunta, wateja wakiwepo.

Ijumaa ikipita kimya, bomba linaenda TBS, Shirika la Viwango, risiti inaenda Tume ya Ushindani, na picha ya ngazi naitupia kwenye magrupu yote ya mafundi na jina la duka lenu juu yake.

Mwenye karakana, mteja wenu wa siku nyingi