Barua kwa mwanangu anayekwenda kusoma mifupa

Kilwa Masoko
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, mama yako magoti tu. Ile simu ya juzi niliikata vibaya, najua. Nilisema chaji imekwisha. Chaji ilikuwepo.

Nimekaa nalo siku tatu hili neno. Ulisema huko Ujerumani utafundishwa kusoma vinasaba vya watu wa kale kwenye meno na mifupa, ukalisema kama mtu anayekwenda kujifunza cherehani. Nikakuuliza mifupa ya nani, ukacheka, ukanijibu, "Baba, ya kale." Hilo si jibu. Hata mimi nitakuwa wa kale, ni kungoja tu. Basi nauliza kwa maandishi, maana maandishi hayachekwi: hiyo mifupa mtakayoishika imeombwa kwa nani, na inarudi lini?

Usidhani nakukataza. Msikitini nimeshawaambia hata wasioniuliza. Yule mwalimu wako aliyesema wewe utaishia kukariri, nilimfuata dukani kwake nikanunua kiberiti ambacho sikukihitaji, ili tu ipatikane nafasi ya kumwambia mwanangu anakwenda wapi. Akasema hongera. Nikamwambia asante, nikasahau kiberiti juu ya meza.

Lakini ya Mrimba, yule mkubwa wa kale wa Kilwa Kisiwani anayesemwa alimwachia mgeni wa Kishirazi mji kwa malipo ya nguo, yaliniuma. Umesema habari ya nguo ni hekaya, masultani waliitunga kuhalalisha utawala wao. Mimi nimetia chokaa kuta za Kisiwani miaka ishirini na kitu na sijaona hata uzi wa nguo ile, kwa hiyo sikubishii sana. Ila usiniletee wasomi kama vile wao hawakosei. Waliochimba miaka ya 1960 walisema masultani wa Kilwa, wale Washirazi waliojinasibisha na Uajemi, walianza mwishoni mwa karne ya 12, wakaliandika kwenye vitabu vinene. Mwaka 1984 ikafukuliwa akiba ya sarafu Mtambwe Mkuu, Pemba, zaidi ya 2,000, nyingine zina jina la Ali bin al-Hasan, lile lile la sultani mwanzilishi wa Kilwa, na dinari ya kigeni iliyo changa kuliko zote mle ndani ni ya 1066. Hesabu yote ikarudi nyuma zaidi ya miaka mia. Wazee wetu walikuwa wamekaa kimya wanasubiri.

(Na kwa kuwa tumegusa sarafu: najua utanikumbusha zile nilizookota ufukweni utotoni nikawauzia wageni. Zilikuwa ndogo kama kifungo cha shati, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zina vina, kama beti. Ningejua kuzisoma nisingeziuza. Lakini zile tano zilizookotwa Australia mwaka 1944 usinisingizie, nilikuwa sijazaliwa.)

Turudi kwa Mrimba. Wewe unaishikilia ile nguo, unaniacha na binti. Kwa wazee wa Kisiwani hadithi haianzi na kununua. Inaanza na mgeni kushuka jahazini na kwenda kwa mkubwa wa mji kuomba mahali pa kukaa. Aliomba, akapewa, akamwoa binti Mrimba. Ni yule binti aliyemshawishi baba yake ahamie bara, na baba akasema sawa, lakini nitandikiwe nguo nipite juu yake. Sasa angalia: mtoto wa yule mgeni aliyekuwa sultani ametajwa, anaitwa Fatima. Binti Mrimba, ambaye bila yeye hakuna Kilwa ya Washirazi, hana jina. Kwenye kile kitabu cha Mreno wa karne ya 16 nako, mama yake Ali ni Mhabeshi tu, anatajwa kwa sababu ndugu zake Ali walimdharau kwa ajili yake, basi, anaishia hapo.

Halafu ikaja ile habari ya Machi 2023 uliyonitumia mwenyewe, ya mifupa ya watu 80 wa pwani yetu, waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Niliisoma mara mbili kwa miwani ya mama yako. Upande wa akina mama karibu wote Waafrika, upande wa akina baba wengi wametoka Asia, Uajemi hasa, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Wewe ukaona ugunduzi. Mimi nilimwona binti Mrimba. Hekaya yako hiyo imebeba ukweli miaka elfu bila maabara wala umeme.

Kwa hiyo sayansi yenu siidharau, na ninajua inaweza kumrudisha mtu kwao. Nilisikia redioni mwaka ule ule, Septemba, kwamba Berlin walichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyobebwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, na machache yakakutana na ndugu walio hai hapa hapa Tanzania. Novemba Rais wao akaja Songea akaomba radhi. Vizuri. Lakini kichwa cha Nduna Songea Mbano, waliyemnyonga Wajerumani vita vya Maji Maji, bado ndugu zake wanakitafuta, tangu 1906. Hapa kwetu Kivinje walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 pale kwenye mwembe, na wewe unakwenda kwa wajukuu wa waliomnyonga. Sisemi ni watu wabaya. Nasema uliza. Ukiletewa trei ya meno, kabla hujavaa glavu, uliza ya wapi, nani alikubali, yanarudi lini. Wakikuona msumbufu, waambie baba yako ndiye msumbufu.

Kule Mtwapa, Kenya, nasikia waliwaomba wenyeji kwanza, na waliofukuliwa wakazikwa tena msimu ule ule. Kumbe inawezekana.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Walikuja wageni, sitasema wa wapi, nikapata kazi ya kubeba udongo. Siku moja ikatokea mifupa ya mtoto, amelazwa ubavu wa kulia, uso kibla, kama tunavyolaza leo. Meno ya utoto yalikuwa bado yapo na ya ukubwa yamejipanga chini yake kwenye taya, hayajatoka. Wewe ungeujua umri wake hapo hapo. Mimi nilikisia sita, kwa sababu shangazi yako mdogo mwaka ule ndio alikuwa anang'oka meno. Wakampiga picha, wakamfunga kwenye karatasi, wakamtia kwenye sanduku la majani ya chai, na mimi ndiye niliyelipeleka chomboni. Nililipwa ziada. Sikuuliza linakwenda wapi. Mzee mmoja alikuwa ameketi chini ya mkungu karibu na bandari, akaniuliza, "Umebeba nini kijana?" Nikamjibu, "Vya kale."

Lilikuwa jepesi mno lile sanduku.

Sikwambii ukalitafute. Mama yako hajui, na barua hii usimsomee yote.

Mtu ukimwomba hutoa. Umesoma habari za al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, wakimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu. Fakiri wa Kiyemeni alimwomba nguo alizovaa, akaingia ndani akazivua, akampa. Sultani! Na huyu ndiye mwenye kasri la Husuni Kubwa, vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane juu ya bahari, na hata hivyo upana wa chumba chake haukuweza kupita urefu wa boriti ya mkoko inayobeba dari. Hili huwa nawaambia watalii na hawalifurahii, wanataka dhahabu ya Sofala.

Mabati ya jikoni yametoboka tena. Fundi anataka saruji kuziba ukuta wa nyuma, nimemkatalia. Saruji na matumbawe haviivani, unyevu unakosa pa kutokea, ukuta unaanza kumomonyoka toka ndani, tuliliona hilo kwenye magofu na tukaibandua saruji kwa patasi. Nina shimo langu la chokaa nyuma ya banda. Tuliichoma mwaka jana na mdogo wako, magogo yakawaka usiku kucha, asubuhi tukanyunyizia maji yale mawe yakapasuka yenyewe kama bisi, sasa imelala mwezi wa kumi na laini kama samli. Mdogo wako ana mkono mzuri wa chokaa kuliko wewe, ingawa hana hamu ya kazi nyingine yoyote, akiamka ni simu. Zungumza naye. Mimi akinisikia ananiitikia, "Ndiyo baba," na haendi.

Mbuzi mweupe tumemuuza kwa ajili ya viza yako, usimuulizie mbele ya mama yako, alikuwa amemzoea. Blanketi atakalokupa ni zito, lichukue usibishe, unaweza kuliacha Dar. Bibi yako amekuombea dua na anataka kujua kama huko Ujerumani kuna mihogo. Nimemwambia ipo.

Una jina la mama yangu, ndiyo maana nikikugombeza naona haya na nikikata simu silali. Kabla hujapanda ndege nijibu lile swali langu. Andika, usipige, nitakata tena.

Wako,
Baba

Mama yako anasema sufuria yake ndogo uliondoka nayo Ramadhani. Mpe dereva wa basi la Jumatano.