Ziara ya kituo cha mazingira

Habari zenu walimu na wazazi. Kituo kimekubali tufike asubuhi na mapema, nami nimefurahi, maana ndege huonekana zaidi kabla jua halijawa kali. Fomu za ruhusa zirudi kabla ya Ijumaa. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta. Mwenye mzio wa nyuki tuambieni sasa, kwa maandishi, si mlangoni pa basi. Viatu vya kufunika vidole na suruali ndefu, kwa sababu ya kupe. Bwawani watatafuta viluwiluwi na kereng'ende wachanga, ambao huishi majini kabla ya kuota mabawa, kwa hiyo nguo nzuri zibaki nyumbani. (Watalowa tu, hata tukiwakataza.) Bado tunatafuta watu wazima wawili wa kusindikiza darasa la tatu. Anayeweza anijibu hapa.