Nitafutie Mti wa Mpera

Sahibu yangu Khamis,

Assalaamu alaykum. Sisi huku Mjini wazima, alhamdulillahi. Nyundo ya marehemu baba yako imefika na boti. Unauliza kama itupwe. Haitupwi! Chuma chake kizima, kilichokufa ni mpini tu.

Na najua kilichouua. Umeniandikia kwamba kichwa kikilegea mlikuwa mkiitia nyundo kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Mti ukinywa maji huvimba, lakini tundu ni la chuma, halipanuki, kwa hiyo mti hujiponda wenyewe mle ndani. Ukikauka hunywea kuliko mwanzo, na nyundo hulegea zaidi.

Mpini wa zamani sikuuchoma moto kama wafanyavyo wengine, maana moto huondoa ugumu wa chuma. Nimeukata kwa msumeno, kipande kilichobaki tunduni nikakitoboa kwa keke, kikatoka kwa kugongwa. Kutu nimeitoa kwa siki na brashi ya waya, kisha nikapaka mafuta papo hapo. Hewa ya bahari haisubiri. Alama za mapigo ya mzee nimeziacha. Nyundo ya kung'ara si ipo dukani?

Sasa nakutegemea wewe. Wamarekani mipini yao huichonga kwa mti wa hikori; sisi tuna mpera, mgumu na haupasuki ovyo. Nitafutie tawi lililonyooka, lisilo na vifundo, nyuzi zake zikimbie toka ncha hadi ncha. Nyuzi zikikatisha kwenda ubavuni, hapo ndipo mpini unapovunjika na kichwa kikaruka kwa jirani. Paka ncha zote mbili rangi ya mafuta usije ukapasuka, uuweke kivulini kaskazi yote. Mti mbichi hukaza leo, kesho unacheza. Mkarafuu usiniletee, wachumaji wenu wanajua matawi yake yanavyokatika.

Utamu wenyewe ni kuvisha kichwa. Unashika mpini kichwa kikining'inia chini, hakigusi kitu, unapiga kitako cha mpini kwa gongo, na kichwa kinapanda chenyewe! Chuma kizito hubaki nyuma, mti ndio unaoshuka. Kisha kabari juu, iupanue mti ujaze mdomo wa tundu. Mwisho mafuta ya kitani. Ya nazi hayakauki. Ila tambara lake litandaze likauke, ukilikunja hupata moto lenyewe na kuwaka.

Mke wangu anasema nimepagawa. Nikamwambia huko Haines, Alaska, kuna makumbusho ya nyundo tupu tangu 2002. Akajibu, hao wana baridi, hawana pa kwenda.

Tawi mpe kijana yeyote anayepanda boti. Ila mpera wa kisimani kwenu usiuguse, nisije nikagombana na Bi Mkubwa.

Wasalaam,
Sahibu yako, Suleiman