Barua kwa mdogo wangu wa Kadutu: ile picha haikubuniwa

Mdogo wangu,

Umeandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia kwamba mashimo meusi, yale maeneo ya angani yenye uvutano mkali hata mwanga hautoki, ni sinema tu, eti wazungu hukaa mbele ya kompyuta, wakachora wapendavyo, halafu wakaita sayansi. Baba mdogo akacheka sana. Nakujibu hadharani kwa sababu hapa Bukavu si wewe peke yako unayesema hivyo.

Mwaka 1979 mwanafizikia Mfaransa Jean-Pierre Luminet alitaka kujua shimo jeusi lililozungukwa na gesi ya moto lingeonekanaje. Aliandika hesabu zake, zilizotoka kwenye milinganyo ya Einstein ya uvutano, kwenye kadi za karatasi zenye matundu, akazilisha kompyuta ya zamani ya IBM 7040, ambayo hata hiyo simu yako yenye kioo kilichopasuka inaishinda mbali. Mashine ikakokotoa jinsi mwanga unavyopindwa na uvutano. Programu ya kuchora hakuwa nayo, basi akaketi na wino mweusi, nukta kwa nukta, akizisonganisha palipo na mwanga mwingi, kisha akaigeuza picha kama negativu, nukta nyeusi zikawa nyeupe. Upande mmoja ulitoka mng'avu kuliko mwingine, maana gesi inayotujia kwa kasi huonekana kung'aa zaidi. Tarehe 10 Aprili 2019 ikatangazwa picha halisi ya shimo jeusi la galaksi ya M87, iliyopigwa kwa darubini za redio. Pete yake nayo iling'aa zaidi upande mmoja. Huyo mchoraji alibahatisha?

Kuiga mgongano wa mashimo meusi mawili ndani ya kompyuta kulisumbua watu tangu 1964; programu zilikuwa zikikwama njiani, hadi mwanafizikia Frans Pretorius alipofaulu mwaka 2005. Miaka kumi baadaye, vifaa vya LIGO huko Marekani vilinasa mawimbi ya uvutano yaliyotoka kwenye mgongano wa kweli, na umbo lake likalingana na hesabu. Zisingelingana, hesabu ndizo zingetupwa.

Kwenye pulsa, ambayo nayo huigwa kwa kompyuta, nakupa haki kidogo. Ni nyota nzito kuliko Jua, imebanwa ndani ya tufe lenye kipenyo cha kilomita 20 hivi. Ile iliyo ndani ya wingu la gesi liitwalo Nebula ya Kaa hujizungusha mara 30 kwa sekunde. Kompyuta hufuatilia chembe za umeme ndani ya usumaku wake, lakini mawimbi yake ya redio yanazaliwaje hasa, wataalamu bado wanavutana.

Jumamosi njoo na kompyuta yako, uichaji mapema kabla umeme haujakatika. Tutaandika programu fupi kwa Python, lugha ya kuandikia programu, turushe miali ya mwanga kuelekea shimo jeusi lisilozunguka. Mwali unaolengwa kulipita kwa umbali pungufu ya mara 2.6 ya nusu kipenyo chake utamezwa. Usiniamini, badilisha namba mwenyewe uone.

Yaya wako