Kwenu mliopangiwa darasa la kwanza

Wanangu walimu,

Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa, marahaba. Nasikia mmeripoti vituoni, mkakaribishwa chai, kisha mwalimu mkuu akawatazama na kusema, "Wewe ni kijana, una nguvu, chukua darasa la kwanza." Najua mlivyojisikia. Mashuleni mwetu darasa la saba ndilo lenye heshima kwa sababu lina mtihani wa taifa, na la kwanza hupewa mgeni, au aliyekosana na wakubwa. Msinung'unike. Nimelifundisha miaka mingi, na nina jambo moja la kuwaambia ambalo mimi nilichelewa kulijua.

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Najua siku hizi neno hilo linatumika kama utani, tena utani mkali, nami sina kinyongo. Serikali ilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, walimu hawakutosha, tukachukuliwa sisi tuliokuwa tumemaliza la saba juzi juzi tu, tukafundisha huku wenyewe tunafundishwa. Nilichokijua kuhusu kusoma kilikuwa kile nilichofanyiwa mimi: fimbo inagonga ubao, "ba be bi bo bu", darasa zima linaitikia mpaka bati linatetemeka. Mkaguzi akipita nje anatabasamu, nami nasimama wima.

Miaka ya 1980 vitabu vilikuwa haba, watoto sita au saba wamekilalia kimoja. Palikuwa na kijana mmoja aliyewashinda wote. Nikija na mgeni, yeye ndiye nilikuwa namsimamisha. Siku moja ukurasa aliousimamia ulikuwa umechanika, nusu ya chini haipo, nadhani mtu alifungia karanga. Akaanza juu, akateremka vizuri, na alipofika kwenye mpasuko hakusimama. Akaendelea kuzisoma sentensi zilizokwenda na karanga, neno kwa neno, kidole kikipita juu ya mbao ya dawati. Wenzake hawakuona ajabu yoyote. Mimi ndiye niliyekaa chini. Nikafungua ukurasa mwingine, nikamwonyesha neno "kuku" peke yake. Akalitazama, akanitazama mimi, akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, anzia mwanzo."

Jioni ile niliwaita wengine mmoja mmoja. Kati ya wale wote waliokuwa wakitetemesha bati, wanaosoma kweli niliwahesabu kwa vidole na vidole vikabaki.

Basi neno langu ni hili: msikilizeni mtoto akiwa peke yake. Sisemi muache kuitikiana. Mtoto mgeni, mwenye aibu, anajificha ndani ya sauti za wenzake mpaka ulimi uzoee, na hilo ni jema. Ila kwaya inaonyesha kwamba darasa limekariri. Nani anasoma, haikuambii.

Mtaniuliza, mzee, watoto 90 nitawasikilizaje? Hesabu ni hii. Wakati darasa linaumba herufi daftarini, ita watoto 5, dakika 2 kila mmoja. Dakika 10 zimekwisha, na baada ya siku 18 za masomo umewamaliza wote. Mwite pembeni ya meza yako, si mbele ya ubao, na asiwepo wa kumcheka. Mpe mstari wa katikati ya ukurasa, funika picha kwa kiganja. Kisha usiandike vema wala kosa, andika alichosema. "Shamba" akisema "sa-hamba", umejua kwamba hajaambiwa kuwa s na h zikikaa pamoja zinatoa sauti moja. "Ng'ombe" akiianza kama anavyoanza "ngoma", ile ritifaa hajaiona. Ukiwa na daftari la namna hiyo, andalio la somo la wiki ijayo linajiandika lenyewe, na mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa siku hizi, akija utakuwa na la kumwonyesha zaidi ya kaligrafia.

Sasa kuhusu sauti zenyewe. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, mwaka 2015, tuliitwa semina. Mwezeshaji alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Akatuagiza tutoe sauti ya m, midomo imefungwa, na ukumbi mzima wa wazee ukaguna kama zizi la ng'ombe alfajiri. Tulicheka sana. Lakini yule binti alikuwa sahihi: herufi ina jina na ina sauti, nasi miaka yote tulifundisha jina. Mtoto anayejua kwamba b ni "be" anaikuta "baba", anaunganisha "be-a-be-a", anapata "beabea", halafu anauchungulia uso wa mwalimu kuona kama amepatia. Kuuchungulia uso wa mwalimu ni kipaji, lakini si kusoma.

Ila hapo pia msizidishe. Nimeona vijana waliotoka vyuoni wakimkokota mtoto "k... a... k... a..." mpaka mwisho wa neno amesahau mwanzo wake. Kiswahili kinatembea kwa silabi. Sauti mbili zikishajulikana, ziunganishe upesi ziwe "ka", mtoto aimeze kama tonge moja. Na irabu zetu ni 5 tu, haziwageuki: a ya "kaka" ndiyo a ya "barabara". Mtoto mwenye irabu hizo na m, k, t, l, n tayari anasoma "kiti", "meli", "tano", "kula" na "kelele", na hiyo ya mwisho anaifahamu kuliko mnavyodhani. Msifuate mpangilio wa alfabeti kwa kuwa tu ndivyo ilivyopangwa. Na b na d msizilete wiki moja. Tumbo moja kulia, jingine kushoto, mtajitafutia kazi ya mwaka mzima.

Kuna m ya "mti" na "mtu", ambayo ni silabi yenyewe na haina irabu. Wengi huandika "muti". Msiwacheke, kwani katika lugha nyingi za nyumbani kwao ndivyo ilivyo, wamesikia vizuri tu. Pigeni makofi: m, ti, makofi mawili. Masikio yakishakubali, mkono utafuata. (Niliwahi kumaliza mapumziko yote nikibishana na mwenzangu juu ya "mbuni". Yule ndege ana makofi mawili, mti wa kahawa una matatu. Alinishinda, na chai ikapoa.)

Hapa nataka muwe na huruma. Mtoto wa Kikurya anaona "kulala", anatamka "kurara". Mwenzake wa Kisukuma anaona "barabara", anatamka "balabala". Kabla hujasema amekosea, muulize maana yake. Akilaza kichwa kwenye dawati, amesoma. Macho yake yamefanya kazi, ulimi bado uko nyumbani kwa bibi, na utakuja taratibu. Mimi niliwachapa watoto kwa l na r. Wengine walinyamaza mwaka mzima, nami nikawaandika kwenye ripoti kuwa wazito.

Na kuna mtego wa kinyume chake. Kwa kuwa Kiswahili kinasomeka kama kilivyoandikwa, mtoto aliyeshika silabi anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti safi asielewe hata neno, hasa kama nyumbani kwao Kiswahili hakizungumzwi. Mzazi anafurahi, mwalimu anafurahi, na tatizo linakuja kujitokeza darasa la tatu masomo yanapoongezeka. Mimi nilikuwa na vipande vya boksi nilivyoviandika amri: "Gusa mlango." "Leta chaki." "Ruka mara tatu." Mtoto anasoma kimya, haruhusiwi kutamka, kisha anatenda. Utawajua mara moja. Asiyeelewa anasubiri mwenzake aruke kwanza.

Wazazi wa mjini watawaletea watoto waliokwisha kufundishwa "ei, bii, sii", wakitaka muwapigie makofi. Wapokeeni vizuri, lakini mtoto huyo akiiona e ataiita i, na i ataiita ai, na "kiti" itakuwa mlima kwake. Mwanzisheni na irabu upya bila kumwaibisha mama yake. Kiingereza kina safari yake ndefu, herufi moja ina sauti tatu nne, na mtoto aliyeshika kusoma kwa lugha anayoisikia kila siku anabeba ule ujuzi kwenda nao huko.

Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, nilifungua mlango wa darasa nikakuta watoto mpaka kizingitini. Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Nikarudia kwaya, nakiri, wiki tatu nzima, kwa sababu nilichoka na kwaya haichoshi. Kisha nikachukua daftari, nikaanza na watoto 5 waliokaa mlangoni. Kwa hiyo mkishindwa wiki mbili tatu, msijione mmeharibikiwa. Rudini kwenye daftari. Anzeni na yule wa nyuma kabisa, ambaye jina lake mnalo kwenye rejesta na sauti yake hamjawahi kuisikia.

Wenu,
Mwalimu mstaafu

Nimesahau: herufi nilikuwa naziandika ndani ya vizibo vya soda, watoto wanavipanga sakafuni kuunda maneno. Vioshwe kwa sabuni kwanza, tena mara mbili. Tuliwahi kupata nyuki.