Gari lisilosajiliwa lipande trela, lisiguse lami

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowaponza watu wengi kwa sababu ya kutojua tofauti moja tu ya kisheria. Jambo lenyewe ni kuhamisha gari ambalo halijasajiliwa kutumika barabarani: gari la mashindano, gari la shambani, gari lililofutiwa usajili, au mkweche ulionunuliwa ili ufufuliwe au ung'olewe vipuri. Imani iliyoenea ni kwamba gari la mbele likiwa na namba na bima, basi la nyuma liko salama kisheria, kwa kuwa injini yake haikuwashwa. Imani hiyo si sahihi.

Katika nchi nyingi sheria haiangalii kama injini inanguruma. Inaangalia kama magurudumu yanakanyaga barabara. Gari linalovutwa kwa kamba, kwa mnyororo au kwa chuma cha kuvutia ni chombo kilichoko barabarani, na hivyo hudaiwa usajili, bima, breki, taa na tairi nzima kama lingekuwa linajiendesha. Lipandishe lote juu ya trela au juu ya lori la jukwaa, tairi zote nne zikiwa juu ya sakafu, nalo linageuka kuwa mzigo, sawa na magunia ya saruji. Mzigo haudaiwi namba wala ukaguzi. Wanaodaiwa ni trela na gari linalolivuta.

Wapo wanaojibu kwamba kila siku wanaona magari yakivutwa kwa kamba na hakuna anayekamatwa. Ruhusa hiyo ipo kwa ajili ya gari lililoharibika njiani, ili liondolewe mahali pa hatari na kufikishwa panapofaa. Gari ambalo halikuwa na haki ya kuwepo barabarani tangu mwanzo haliwezi kujificha chini ya ruhusa hiyo. Isitoshe, injini ikiwa imezima, nguvu ya kusaidia breki huisha baada ya kukanyaga mara mbili au tatu, usukani unakuwa mzito, na aliyekaa ndani anategemea breki za gari ambalo pengine limelala miaka kadhaa. Breki zikigoma, kitakachomsimamisha ni bampa la gari la mbele.

Vifaa viwili vinavyowachanganya watu ni fremu ya pembetatu inayofungwa mbele ya gari, na trela dogo linaloinua ekseli moja huku nyingine ikibaki chini. Vyote viwili vinaacha magurudumu ardhini. Tena kuna suala la uzito: Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unalihesabu trela kuwa jepesi iwapo uzito wake wa juu unaoruhusiwa hauzidi kilo 750. Likipita hapo, linatakiwa liwe na breki zake. Karibu kila gari dogo linapita kilo 750, kwa hiyo gari lililofungwa kwenye fremu bila breki zinazofanya kazi ni trela zito lisilo na breki. Namba za muda, zile wanazopewa wauzaji na mafundi, nazo hazitibu ubovu. Zinaweza kuziba pengo la usajili kwa safari fulani, lakini hazigeuzi breki mbovu kuwa nzima.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Gari lisilo na namba likionekana juu ya trela, swali la kwanza la askari ni kama limeibwa. Beba mkataba wa mauziano au kadi ya zamani, karatasi za forodha kama limeagizwa nje, na hakikisha namba ya chasisi iliyoandikwa ndiyo iliyogongwa kwenye bodi. Kama gari bado lina vibao vya namba vya zamani, ving'oe au vifunike, ili namba inayosomeka nyuma iwe ile tu ambayo sheria ya hapo inaitaka kwenye trela. Soma pia daraja la leseni yako, kwani leseni ya gari dogo mara nyingi ina kikomo cha uzito wa trela. Uliza na bima: ile inayolinda watu wengine kwa kawaida huangalia madhara utakayosababisha, haimlipi mwenye gari lililobebwa likidondoka.

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo wengi wanavunja sheria bila kujua. Magari mengi yana kibandiko au bamba la mtengenezaji, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, lenye mistari ya kilo. Kwa mpangilio wa Ulaya, mstari wa kwanza ni uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa na mzigo, wa pili ni uzito wa juu wa gari pamoja na trela. Tuseme wa kwanza ni kilo 2,100 na wa pili 3,600. Ukitoa, unabaki na kilo 1,500 za kuvuta gari lako likiwa limejaa. Gari unalotaka kubeba lina kilo 1,250, trela tupu lina 550. Jumla ni 1,800. Umezidisha kilo 300 kabla hujatupia jeki, tairi za akiba na giaboksi iliyofunguliwa. Ukiacha abiria na mizigo nyumbani unaweza kupunguza jumla ya msafara, lakini kikomo cha kuvuta kilichoandikwa katika kitabu cha gari hakisogei. Trela nalo lina bamba lake: likiruhusiwa kilo 2,000 kwa jumla, huku lenyewe likiwa na 550, linabeba 1,450 na si zaidi. Kati ya vikomo vyote, fuata kilicho kidogo kuliko vingine.

Uzito unaokaa kwenye pua ya trela una umuhimu ule ule, ingawa haupimwi mara nyingi. Ulaya hushauriwa uwe karibu asilimia 5 hadi 7 ya trela na mzigo wake. Marekani, ambako vifaa vya kuvutia hutengenezwa kwa kusudi hilo, ni asilimia 10 hadi 15. Kwa kilo 1,800, asilimia 5 ni kilo 90, na ndoano nyingi za magari madogo zimeandikwa kikomo cha kilo 75 au 100. Upimaji ni rahisi: trela likiwa limesimama tambarare na kufungiwa breki, weka mzani wa kupimia watu chini ya pua juu ya ubao, simamisha gogo fupi lenye urefu unaoiacha pua katika kimo chake cha kawaida, kisha pandisha gurudumu dogo la mbele la trela hadi uzito wote ukalie gogo. Ukikosa, sogeza gari. Kwenye trela lenye mita 3.5 kutoka tufe, yaani kichwa cha mviringo cha ndoano ya gari, hadi katikati ya ekseli, kusogeza gari la kilo 1,250 sentimita 10 mbele kunaongeza takriban kilo 36 puani. Kwa hiyo sentimita chache zinatosha kuokoa safari au kuiharibu.

Magari yasiyosajiliwa yana mtego wake hapa. Mengi hayana injini. Gari lililotolewa injini ya mbele na kupakiwa uso mbele linaacha uzito nyuma ya ekseli za trela, na likiwa limebeba injini hiyo hiyo kwenye buti, hali inakuwa mbaya zaidi. Pua ikiwa nyepesi, trela huanza kuyumba kushoto na kulia, na linavuta mkia wa gari lako. Gari la namna hiyo lipakie kinyumenyume, na injini ibebwe kwenye gari linalovuta kama kikomo chake kinaruhusu.

Kabla ya kupakia, hakikisha tufe na kikombe cha puani mwa trela kinacholifunika vinalingana. Tufe la Ulaya lina milimita 50. La Marekani la inchi 2 lina milimita 50.8, na lipo dogo la milimita 47.6. Kikombe cha 50 kitafunga juu ya tufe la 47.6 na kitaonekana kimekaa, kisha kitachomoka kwenye shimo la kwanza la maana. Ukishafunga, zungusha gurudumu dogo la mbele ulisukume trela juu mpaka nyuma ya gari lako iinuke kidogo. Ikiinuka bila kikombe kuachia, kimeshika. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono wa trela ili pua ikidondoka ilale juu yake, na waya wa kuvuta breki za dharura ufungwe kwenye sehemu imara ya gari, usiviringishwe tu shingoni mwa tufe.

Upakiaji wa gari lililolala muda mrefu huchukua saa nzima, na watu hupanga dakika 10. Jaza tairi upepo kwanza. Tairi ikipoteza upepo njiani, mkanda unaoizunguka unalegea na gari linaachiwa. Gurudumu lililoshikwa na breki ligongwe taratibu pembeni ya ngoma, au ling'olewe breki kabisa. Kuliburuta likiwa limeshikwa kunapinda ngazi za trela. Gari ambalo usukani wake umejifunga na ufunguo haupo linataka kuwekewa vibao vya kutelezea chini ya magurudumu ya mbele. Tumia winchi, na asiwepo mtu yeyote kwenye mstari wa waya. Tandika turubai zito au gunia katikati ya waya, ukikatika lishushe nguvu yake chini. Ondoa waya wa betri, funga boneti na milango kwa kamba, kinga mafuta yanayovuja. Hakuna mtu wa kukaa ndani ya gari lililobebwa, hata kwa mita 100.

Kisha mikanda. Viwango vya ufungaji mizigo hutaka gari lizuiwe lisiende mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na nyuma. Kwa gari la kilo 1,250, mbele ni nguvu ya kilo 1,000. Mkanda mzuri wa upana wa milimita 50 una kibandiko kinachosema 2,500 daN ukivutwa ulivyonyooka, na daN moja ni karibu sawa na nguvu ya kilo moja. Mkanda usio na kibandiko au uliochanika ukingoni usitumike. Kosa ninaloliona zaidi ni watu kukaza mbele kwa winchi hadi chuma kinalia, halafu nyuma wanaacha mkanda mmoja mwembamba. Unapokanyaga breki, gari hukimbilia mbele, na mikanda inayolizuia ni ile ya nyuma inayolivuta kurudi. Winchi, kwa upande wake, ni ya kupandishia tu. Haihesabiwi kama mkanda.

Funga magurudumu kuliko bodi. Bodi hupanda na kushuka juu ya springi, na kila ikishuka mkanda unalegea, kisha unakurupuka. Mkanda wa kuzungushia tairi unalishika gari chini na kuziacha springi zifanye kazi yake. Kama hakuna njia nyingine, funga kwenye amu imara au kwenye ekseli, usifunge kamwe kwenye tairodi (chuma kinachogeuza magurudumu), propela shafti (chuma kinachozungusha ekseli) au karibu na mipira ya breki. Pembe kali za rimu zitakata mkanda, ziwekee kitambaa kigumu. Vuta hendibreki, weka gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, lakini usitegemee kipini kidogo cha P kushikilia tani moja. Simama baada ya kilomita 10 hadi 15 ukaze tena, kwa sababu mikanda hujilaza, halafu kila unapopumzika.

Taa zinachukua dakika tano, na zikiharibika chanzo mara nyingi ni ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Indiketa ikiwaka hafifu unapokanyaga breki, safisha kiungo cha waya mweupe wa pini ya 3 kwenye plagi ya pini 7 ya volti 12. Usiunganishe trela la volti 12 kwenye lori la 24. Angalia tairi za trela pia, kwa kuwa huzeeka zikiwa zimesimama: tarakimu nne pembeni, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Trela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulivyonyooka, mwendo ujishukie wenyewe. Kukanyaga breki za gari kwa ghafla, au kuongeza mwendo ili kulinyoosha, ndivyo vinavyolipindua.

Bado kuna kosa la mwisho, na linatokea nyumbani. Watu hufika, wanalishusha gari barabarani mbele ya geti, kisha wanalisukuma mita 20 hadi ndani. Tairi zilipogusa lami, gari liliacha kuwa mzigo. Mita hizo 20 zina sheria ile ile ya kilomita 200, na gari likilala nje usiku mmoja linaweza kuvutwa na mamlaka. Pima upana wa geti na nafasi ya kugeuzia trela kabla ya safari. Kama trela halitapita, kodi lori lenye jukwaa linaloteleza na kulala, likirudi nyuma hadi kwenye kizingiti na kuliteremshia gari ndani ya ua.

Wako,
Msafirishaji wa magari