Barua kwa Neema kuhusu Holy Wood

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeniuliza kama Holy Wood, albamu ya mwaka 2000 ya Marilyn Manson, mwanamuziki wa roki wa Marekani, ni ya kumtukana Mungu tu, na kama ukitaka kuisikiliza uanzie wapi. Si matusi matupu. Ni hadithi moja ya dakika 68, na ukiidonoadonoa utaambulia makelele.

Kabla ya yote, zima ile kitufe ya kuchanganya nyimbo. Ziko 19, zimegawanywa mafungu manne, na kila fungu limepewa herufi yake: A, D, A, M. Ndiye Adamu, kijana wa hadithi. Anatoka Bonde la Kifo, wanakoishi wasiotambulika na mtu, anakwenda Holy Wood, mji wa mastaa, akitaka kufanya mapinduzi kwa muziki. Mapinduzi yenyewe yanageuzwa bidhaa. Mji huo una dini yake ya kuabudu mastaa waliokufa, na mtakatifu wao mkuu ni Rais John F. Kennedy wa Marekani.

Fungu la kwanza ni wimbo wa 1 hadi wa 4, la pili wa 5 hadi wa 11, la tatu wa 12 hadi wa 15, la mwisho wa 16 hadi wa 19. Sikiliza fungu moja kwa siku. La pili lina nyimbo saba na ndilo linalochosha wengi, kwa hiyo lipe jioni nzima, vaa spika za masikioni, na uwe na maneno ya nyimbo mbele yako.

Kuhusu jina, Holy Wood maana yake mti mtakatifu, lakini wengi wanaishia kwenye Hollywood, mji wa filamu. Manson mwenyewe alieleza kwamba anafuata mti: ule wa bustani alioula Adamu, ule wa msalaba, ule wa kitako cha bunduki iliyomuua Kennedy, na ule wa jeneza. Wewe mwanakwaya utalishika hili haraka, maana Biblia yetu haisemi ubao wala gogo, inasema "aangikwaye juu ya mti". Na sehemu ya pili ya jina, "In the Shadow of the Valley of Death", ni Zaburi ya 23, bonde la uvuli wa mauti.

Sasa tazama wimbo wa 6, "President Dead". Angalia urefu wake kwenye simu: 3:13. Kennedy alipopigwa risasi Dallas tarehe 22 Novemba 1963, Abraham Zapruder alikuwa kando ya barabara na kamera yake ndogo. Filamu yake ni ya sekunde 26 hivi, na picha namba 313 ndiyo ile ya risasi inayopiga kichwa. Wimbo umekatwa kwa kipimo cha picha hiyo. Huna haja ya kuitafuta filamu. Elewa tu kwamba mwandishi anataka ujue unatazama kifo cha mtu kama burudani. Kisha ruka kwa mawazo hadi wimbo wa 12, "Lamb of God", yaani Mwana-kondoo wa Mungu, Manson anapowaweka pamoja Kristo, Kennedy na mwanamuziki John Lennon, aliyeuawa New York tarehe 8 Desemba 1980. Hoja yake ni kwamba anayekufa huku watu wanatazama hufanywa mwana-kondoo. Hapo ndipo moyo wa albamu ulipo, na kwangu ni hoja nzito kuliko kelele zote za gitaa.

Wimbo wa 10, "The Nobodies", ndio unaoeleweka vibaya kuliko wote. Tarehe 20 Aprili 1999 wanafunzi wawili wa shule ya Columbine, Colorado, waliwaua wenzao 12 na mwalimu mmoja. Lawama zikamwangukia Manson, akafuta maonyesho yaliyobaki, na akaandika katika jarida la Rolling Stone kwamba vyombo vya habari ndivyo vilivyowafanya wauaji kuwa mastaa. Wimbo unaimbwa kwa "sisi", na asiyejua hadithi hudhani Manson anawasifu wauaji. Anayesema "sisi" ni wale wasio na jina, wanaojua kamera zitakuja siku watakapoua. Usikilize polepole, uhesabu ni mara ngapi wanatajwa watazamaji.

Jina la wimbo wa 5, "Target Audience", lina maana mbili: hadhira inayolengwa na wafanyabiashara, na watu waliowekewa shabaha.

Usianze na albamu za 1996 na 1998 kwa kuwa zilitoka mapema. Antichrist Superstar, Mechanical Animals na hii ya 2000 ni hadithi moja inayokwenda kinyumenyume: ya mwisho kutoka ndiyo mwanzo wa kisa.

Usishtuke na picha ya jalada, Manson msalabani bila taya la chini. Baadhi ya maduka Marekani yalikataa kuiweka rafuni. Kasoro halisi ya albamu iko kwingine: fungu la tatu lina "Burning Flag", wimbo unaopiga kelele juu ya jambo ambalo "Lamb of God" ulishalisema vizuri zaidi. Uvumilie, kwa sababu unaofuata ni "Coma Black", na hapo Adamu anampoteza ampendaye.

Wimbo wa 19 ni piano na sauti ya chini sana. Muziki ukiisha usizime. Utasikia bastola ikizungushwa na kubofywa.

Ukikwama kwenye maneno yoyote, niandikie namba ya wimbo na mstari.

Wako,
Baraka